Njia za Miguu na Ulinzi wa Msitu: Mfano wa Karura

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana dogo, nalo ni matembezi ya miguu katika msitu uliomo ndani ya jiji, hasa msitu unaofuata makorongo ya mito. Korongo ni bonde jembamba lenye kingo za mwinuko mkali, lililochimbwa na maji kwa maelfu ya miaka, na miji mingi duniani ina makorongo ya namna hiyo, ambayo wajenzi wa mwanzo waliyavuka kwa madaraja au waliyaepuka kwa sababu ardhi yake ni ya mteremko na haijengeki kwa urahisi. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba njia za miguu zinazopita katika makorongo hayo si pambo la jiji wala anasa ya wenye nafasi, bali ni sehemu ya ulinzi wenyewe wa msitu, kwa kuwa ardhi ya umma isiyokanyagwa na umma huwa rahisi kuchukuliwa kimya kimya. Mfano utakaotumika ni Msitu wa Karura, ulioko kaskazini mwa jiji la Nairobi, ambao historia yake inaonyesha pande zote mbili za jambo hili: hatari ya msitu uliosahauliwa na faida ya msitu unaotembelewa.

Karura ni msitu wa hifadhi wenye ukubwa wa hekta zipatazo 1,000, uliotangazwa rasmi katika gazeti la serikali mwaka 1932, wakati wa utawala wa kikoloni. Umezungukwa na mji kila upande: barabara ya Limuru iko magharibi, barabara ya Kiambu iko mashariki, mtaa wa Muthaiga uko kusini, na upande wa Gigiri yapo makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Ardhi ya sehemu hiyo imetokana na miamba ya volkano iliyomwagika zamani wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifanyika, nayo imeinama kutoka nyanda za juu za Kikuyu kuelekea tambarare za Athi, kwa hiyo mito midogo kama Karura, Ruaka na Gitathuru hushuka ikifuatana sambamba, kila mmoja ukiwa umejichimbia korongo lake na kuuacha mgongo wa ardhi kati yake na mwenzake. Maji ya mito hiyo huishia katika mto Nairobi, ambao huingia katika mto Athi, nao Athi hubadilika jina na kuitwa Galana, kisha Sabaki, kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Ina maana kwamba tope linalong'olewa na mvua katika kingo za Karura linaweza kusafiri mpaka pwani, na mvuvi wa Malindi ana haja na korongo la Nairobi hata kama hajapata kuliona.

Atembeaye katika msitu huu hukutana na mtandao wa njia unaokadiriwa kufikia kilomita 50, wenye nguzo za namba katika njiapanda ili mgeni asipotee, na wenye sehemu zilizotengwa kwa waendao kwa miguu na nyingine kwa waendesha baiskeli. Juu ya migongo ya ardhi njia ni pana na tambarare, lakini kadiri inavyokaribia mto ndivyo inavyobadilika tabia, na hapo ndipo ufundi wa kuichonga unapoonekana. Njia iliyochongwa kwa kunyooka kutoka juu mpaka chini huwa mfereji mara tu mvua ya masika inapoanza, kwa maana maji hupata mwendo, hubeba udongo mwekundu wa juu, na baada ya misimu michache huacha mtaro wenye mizizi iliyobaki wazi. Kwa sababu hiyo njia ya korongoni huchongwa kwa mshazari, yaani kwa kuukata mteremko ubavuni, ikapinda na kurudi upande wa pili, na kila baada ya hatua kadhaa huwekwa gogo au safu ya mawe iliyolazwa kwa kuinama kidogo, ili maji yatoke njiani na kuingia kwenye majani kabla hayajapata nguvu. Mtembezi anayekatiza kona ili afike haraka hana habari kwamba anafungua mfereji mpya, na kona moja iliyokatizwa na watu wengi huweza kuharibu kazi ya mwaka mzima.

Chini kabisa, mto Karura una maporomoko yenye kimo cha takriban mita 15. Kwa kawaida maporomoko hutokea pale tabaka la mwamba mgumu linapokuwa juu ya tabaka laini zaidi, maji yakawa yanalila lile la chini haraka kuliko la juu, mpaka ukuta ukabaki umesimama. Manyunyu yanayorushwa na maji hayo huifanya hewa ya pale kuwa na unyevunyevu hata katika miezi ya ukame, na ndiyo maana kuvu na mimea isiyopenda jua kali hushika katika kuta za mawe. Si mbali na hapo yapo mapango ambayo katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, yalitumiwa kama maficho na wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga utawala wa kikoloni, na jirani zake ni miti ya mugumo, aina ya mtini ambayo jamii ya Wakikuyu iliiheshimu kama mahali pa sala na sadaka. Mtembezi wa Karura, kwa hiyo, hupita katika historia ya kisiasa na ya kiroho ya nchi pamoja na historia ya miamba, na mambo hayo yote yamehifadhiwa na kitu kimoja, yaani ugumu wa korongo kufikiwa na trekta.

Uoto wa msitu nao unaeleza mengi kwa anayeutazama kwa makini. Sehemu kubwa ilipandwa miti ya kigeni, hasa mikaratusi, ambayo serikali ya kikoloni iliithamini kwa kuwa hukua upesi na kutoa kuni, bidhaa iliyotakiwa sana na injini za treni baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899. Chini ya mikaratusi huwa hakuna mimea mingi midogo, na miti hiyo hunywa maji kwa wingi, jambo ambalo karibu na mto ni hasara. Katika sehemu zenye miti ya asili hali ni tofauti, kwa kuwa hapo hupatikana mukinduri, ambao hudondosha mbegu ngumu zinazopendwa na ndege na wanyama wadogo, na muhugu, mti unaokua polepole mno na wenye mbao nzito ambazo wachongaji wa vinyago wamezitafuta kwa miaka mingi mpaka mti wenyewe ukaadimika. Miongoni mwa kazi zinazoendelea Karura ni kuvuna mikaratusi iliyokomaa na kupanda miti ya asili mahali pake, pamoja na kung'oa mimea vamizi, yaani mimea iliyoletwa kutoka nje na kuenea kiasi cha kuizuia ya asili isichipue.

Miti inaporudi, wanyama nao hurudi au huweza kurudishwa. Kima, pongo, nguruwe mwitu, nungunungu na fungo wamo msituni, ingawa wengi wao hutoka usiku na mtembezi huona nyayo zao tu katika tope la kando ya mto. Mbega, kima wa rangi nyeusi na nyeupe wanaokula majani na kuishi juu ya miti bila kushuka sana, waliletwa Karura kutoka eneo la Kipipiri katika muongo wa 2010, baada ya huko walikotoka kukatwa miti na wao kubaki katika vipande vidogo vya msitu na kugombana na wakulima. Kuwapo kwao ni kipimo kizuri cha afya ya msitu, kwa sababu mbega huhitaji vilele vya miti vinavyogusana, na msitu uliokatwakatwa haumfai.

Faida kubwa zaidi ya korongo lenye miti, hata hivyo, ni ile isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni namna linavyoyashughulikia maji. Mvua kubwa inaponyesha juu ya lami, mabati na saruji, karibu yote hutiririka mara moja na kuingia mitoni kwa pamoja, na hilo ndilo linaloufanya mto wa mjini kujaa ndani ya saa chache. Inaponyesha juu ya msitu, sehemu ya maji huzuiliwa na majani ya juu, sehemu hupokewa na tabaka la majani makavu yaliyooza nusu, na sehemu hupenya ardhini kwa kufuata mizizi na matundu ya wadudu, kisha hutoka polepole katika chemchemi kwa siku na majuma yanayofuata. Ndiyo sababu mto unaopita katika msitu huendelea kuwa na maji wakati wa kiangazi na hauna hasira sana wakati wa masika. Mtu anaweza kulithibitisha hili bila chombo chochote: akiyapekua kidogo majani yaliyo chini ya miti ya asili siku mbili baada ya mvua, atakuta mboji nyeusi, baridi na yenye maji bado, ilhali udongo wa njia iliyokanyagwa, hatua moja tu pembeni, umekwisha kukauka na kuwa mgumu. Tofauti hiyo ya hatua moja inaeleza pia kwa nini mtembezi anatakiwa kubaki njiani.

Pamoja na thamani yote hiyo, Karura ilikaribia kutoweka, na haikukaribia kutoweka kwa moto wala kwa ukame, bali kwa karatasi. Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu viligawiwa watu na kampuni binafsi kwa siri, vikapewa hati, na mwaka 1998 umma uligundua kwamba miti ilikuwa imekatwa na ujenzi wa nyumba za kifahari umeanza. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kisa hiki mali ya umma ilikuwa na daftari serikalini lakini haikuwa na macho msituni, kwa kuwa wakazi wengi wa jiji walikuwa hawaingii humo na hawakuwa na namna ya kujua kilichokuwa kikitendeka nyuma ya ukuta wa miti.

Aliyeufanya umma ufumbue macho ni Wangari Maathai, mwanasayansi aliyeanzisha mwaka 1977 harakati ya kupanda miti iitwayo Green Belt Movement na ambaye mwaka 1989 alikuwa amekwisha kupinga ujenzi wa jumba refu katika bustani ya Uhuru. Silaha yake katika Karura ilikuwa ile ile aliyoitumia siku zote, yaani miche ya miti na watu wanaotembea kuipeleka. Tarehe 8 Januari 1999, yeye na wenzake, wakiwamo wabunge na waandishi wa habari, walipofika langoni ili wapande mti, walishambuliwa na kundi la walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Alipokwenda kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, aliyatia saini kwa damu yake. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani, habari zikaenea duniani, na mwezi Agosti mwaka huo huo Rais Daniel arap Moi akatangaza kusimamishwa kwa ugawaji wa ardhi ya umma. Baadaye tume ya wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003, ilichunguza ugawaji wa ardhi ya umma uliokiuka sheria nchini kote, ikiwamo ardhi ya misitu, na mwaka 2004 Maathai akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Ushindi wa mwaka 1999 uliizuia hati isigeuke kuwa nyumba, lakini haukuurudisha msitu mikononi mwa wananchi. Kwa karibu miaka 10 zaidi Karura iliendelea kuwa mahali pa kuogopwa, penye wezi, wakata miti na wachoma mkaa, na sifa yake mbaya ilikuwa kutupwa maiti. Mabadiliko yalikuja kwa njia ya sheria na ya jamii kwa pamoja. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliunda Shirika la Huduma za Misitu, linalojulikana kama KFS, na ikaruhusu vyama vya jamii vya misitu, yaani vikundi vya wakazi waliosajiliwa ili washirikiane na shirika hilo katika kusimamia msitu ulio jirani nao. Chama cha Friends of Karura kiliundwa mwaka 2009 kwa msingi huo, uzio wa umeme ukajengwa, vijana wa vijiji jirani wakaajiriwa kuwa walinzi, njia zikasafishwa na kuwekewa alama, na watu wakaanza kuja: kwanza wachache kwa tahadhari, kisha familia, wakimbiaji, shule na makundi ya dini.

Ni muhimu kuelewa namna matembezi yanavyogeuka kuwa ulinzi, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba msitu hulindwa kwa kuufunga. Askari wa msitu ni wachache na eneo ni kubwa, lakini watembezi wa kila siku ni wengi, wanapita kila njia, na kila mmoja anaijua njia yake kiasi cha kutambua kisiki kipya, moshi, mtego wa waya au kigingi cha mpimaji ambacho jana hakikuwapo. Ada ndogo wanayolipa langoni hugeuka kuwa mshahara na ukarabati. Zaidi ya yote, mtu aliyemfundisha mtoto wake kuendesha baiskeli katika msitu fulani hatauacha uuzwe akiwa kimya, na kwa namna hiyo nyayo za watu zimekuwa daftari la pili la Karura, gumu kughushiwa kuliko lile la kwanza.

Jiji la Nairobi haliko peke yake katika somo hili. Toronto, jiji kubwa kuliko yote nchini Kanada, limejengwa juu ya ardhi iliyokatwa na makorongo mengi ya mito kama Don na Humber, na hadi katikati ya karne iliyopita nyumba ziliruhusiwa kujengwa chini kabisa karibu na maji. Oktoba 1954 kimbunga kilichoitwa Hazel kiliangusha mvua kubwa, mito ikafurika usiku, na watu 81 wakafa, 35 kati yao wakiwa wakazi wa mtaa mmoja uitwao Raymore Drive. Baada ya msiba huo mamlaka ya hifadhi ya mabonde iliundwa mwaka 1957, ardhi ya kando ya mito ikanunuliwa, ujenzi ukakatazwa, na mabonde yakageuzwa kuwa bustani na misitu yenye njia za miguu. Mahali zilipokuwa nyumba za Raymore Drive leo ni bustani ya umma.

Somo hilo linagusa moja kwa moja hali ya Afrika Mashariki. Katika masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, na katika jiji la Nairobi wakazi wa bonde la Mathare walikuwa miongoni mwa walioathirika vibaya, kisha serikali ikaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Jijini Dar es Salaam, mto Msimbazi, unaoanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe na kupita eneo liitwalo Jangwani kabla ya kuingia baharini, ulifurika Desemba 2011 na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha katika mafuriko ya jiji hilo. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo umepanga kuweka bustani kubwa ya jiji katika sehemu yake ya chini. Kuwahamisha watu bila kuwapa makazi mengine ni dhuluma, na ni lazima lisemwe waziwazi. Lakini pia ardhi iliyoachwa wazi kando ya mto, bila miti, bila njia na bila watembezi, hujazwa upya na vibanda, taka au majengo ya wenye nguvu, na mafuriko yajayo huikuta pale pale.

Swali linalobaki ni nani anayepaswa kutembea katika misitu hii. Karura imepakana na mitaa ya matajiri, lakini imepakana pia na vijiji vya watu wa kipato cha chini kama Githogoro na Mji wa Huruma, ambako wapo wanawake waliouingia msitu kwa miaka mingi kutafuta kuni. Msitu ukigeuka kuwa bustani ya wenye magari tu, utapoteza walinzi wake wa karibu zaidi, na hoja ya kwamba ni mali ya umma itakosa uzito. Ada ya kuingia kwa raia inapasa kubaki ile ambayo mfanyakazi wa kibarua anaweza kuimudu pamoja na watoto wake, ruhusa ya kuokota kuni zilizoanguka ipangwe kwa haki, na shule za mitaa ya mabanda ziletwe msituni kama zinavyoletwa shule za ada kubwa. Aidha, namna ada inavyokusanywa na kutumiwa iwekwe wazi kwa jamii inayousimamia msitu pamoja na serikali, kwa sababu ushirikiano ulioufufua msitu huu umejengwa juu ya uaminifu.

Watembezi nao wana wajibu wao. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwamo chupa za maji, haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, misitu ikiwa ndani yake. Kwa hiyo anayekwenda Karura huja na chupa ya kudumu na kuondoka na taka zake. Kima hawalishwi, kwa maana kima aliyezoea mkate huacha kutafuta matunda ya msituni na mwishowe huwa mwizi anayeuma. Katika siku za mvua kubwa njia za chini ya korongo huachwa, kwa ajili ya usalama wa mtu na wa udongo pia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na katika kifungu cha 69 inaitaka serikali ifikishe miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Haki ya namna hiyo hubaki maandishi mpaka ipate mahali pa kutekelezwa, na korongo la mto lenye miti ni mahali panapofaa mno, kwa kuwa halijengeki kwa usalama, linapunguza mafuriko, na liko umbali wa kutembea kutoka nyumbani kwa maelfu ya watu. Kila halmashauri ya jiji yenye mto na mabonde ina uwezo wa kuanza kwa hatua tatu: kuipima na kuiandikisha ardhi ya kingo za mito kwa jina la umma, kupanda miti ya asili kwa ushirikiano na wakazi walio karibu, na kuchonga njia za miguu mapema, bila kusubiri miti ikomae. Hatua hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, ilhali ndiyo inayoziweka hai zile mbili, kwa sababu mkazi aliyezoea kupita kando ya mto wake kila juma ndiye wa kwanza kujua unapovamiwa, na ndiye mwenye sababu ya kwenda kulalamika.